Dawa Iliyonipa Miguu Kwanza

Nilipokuwa mwari nilisifiwa kwa ugonjwa. Nikisema hivi wajukuu wanacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi si mtu wa kutia chumvi. Nilivunja ungo miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, nikatolewa shule, nikawekwa ndani nyumbani kwetu Ngamiani kama walivyowekwa wasichana wote wa mtaa ule. Mwari hatoki. Mwari hapazi sauti, hamtazami mtu machoni, akila anadonoa. Basi hayo yote niliyafanya bila kufundishwa, kwa sababu nguvu ya kuinua kichwa sikuwa nayo.

Wageni wakitoka wanamwambia mama, "Hongera, mwanao ana adabu." Mama anaitikia kwa furaha, na mimi huko chumbani nimegeukia ukuta. Sikuwa nalia. Watu wanadhani huzuni ni machozi, machozi ningeyashukuru. Nilikuwa mtupu. Wali ulikuwa kama unga mkavu mdomoni. Usingizi unanikatika kabla ya adhana ya alfajiri, nabaki kuikodolea macho dari na wazo moja tu, kwamba nisingekuwepo ingekuwa nafuu kwa kila mtu. Wazo lile sikumwambia mtu, maana ningeanzia wapi? Mwari hasemi.

Wa kwanza kulalamika alikuwa somo yangu, yule mama aliyekabidhiwa kunifunda mambo ya unyumba. Alikuwa mnene, mwenye ulimi, na subira hakujaaliwa. Akamwambia mama mbele yangu, "Huyu namsema hajibu, namtania hacheki. Mimi namfunda mtu au nafunda gogo?" Mama akasema ni haya tu, zitapungua. Somo akaguna, akaendelea kutwanga liwa yake, ule mti wa manukato wa kunisinga mwili.

Haya hazikupungua, nilipungua mimi. Mbavu zikaanza kuonekana, na kuna watu wa Pangani walikuwa wameshaleta posa. Hapo ndipo nyumba iliposhtuka. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaniandikia kombe la aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, nikalinywa. Sisemi halikufaa. Lilinipa kujua kwamba kuna watu wananiombea, na hilo si dogo. Kisha shangazi mmoja akasema ni pepo, apigiwe ngoma, na baba akakataa. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole sana, mpole kupita kiasi ukiniuliza mimi, lakini siku ile alikataa.

Baba alikuwa akishona mapazia ya nyumba za Wazungu kule Raskazone, na katika nyumba hizo mojawapo ilikuwa ya daktari. Akamweleza. Nikafungwa buibui, nikatiwa kwenye teksi saa za watu kulala mchana, nikapelekwa. Daktari alinipima moyo, akanitazama macho, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kama nalala, kama nakula, kama nafikiri kufa. Hilo la mwisho nililijibu kwa kutikisa kichwa, hapana, kwa sababu baba alikuwa amekaa pale pale.

Alitukabidhi chupa ya vidonge. Alisema ni dawa mpya. Walikuwa wakiwapa wagonjwa wa kifua kikuu, wakashangaa kuwaona wanachangamka, ndipo wakaanza kuijaribu kwa watu wenye moyo mzito. Akasema mimi bado mdogo, haijulikani sawasawa inawafanyaje wadogo. Kisha akamtoa baba nje barazani akamwambia neno ambalo nimekuja kulijua baadaye: wiki za mwanzo msimwache peke yake. Nguvu itarudi kwanza, furaha itachelewa. Na mtu mwenye nguvu asiye na furaha anaweza kufanya lile alilokuwa hana nguvu ya kulifanya.

Neno hilo baba alilimeza. Hakumwambia mama, hakumwambia yeyote. Aliogopa mtaa ukisikia kwamba binti analindwa utasema kaingiwa na wazimu, na Pangani ni karibu, maneno yanavuka upesi. Tena alijipa moyo: mwari haachwi peke yake hata mara moja, mchana yuko na mama, usiku analala na bibi. Ulinzi gani tena unatakiwa? Nyumbani akasema tu, "Apewe asubuhi na jioni." Chupa akaifungia kwenye kasha lake.

Siku za mwanzo hapakuwa na kitu, ila mdomo kukauka. Kisha miguu ikaanza. Sijui niwaelezeje. Nikikaa naona nisimame, nikisimama naona niende, nikienda ukuta huu hapa, nageuka. Nilifagia ua, nikaufagia tena. Nikafua mashuka ambayo hayajachafuka. Nikaanza kusema, mimi niliyekuwa gogo, nasema haraka haraka, namdaka mtu neno mdomoni. Usiku bibi ananiambia tulia mjukuu wangu, nami natamani kupanda paa. Nikala nikamaliza sahani. Na ndani, pale penyewe, pako vile vile, patupu. Wazo la alfajiri lilikuwepo. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa na miguu.

Nyumba ikashangilia. Mama alishukuru Mungu kwa machozi. Wakasema mtoto kapona, kapona kabisa, mtazameni anavyochakarika. Na mwari akiwa mzima, mchumba yupo na watu wa Pangani wanauliza, anangojewa nini tena? Wakanitoa ndani, harusi ifuate. Nikaogeshwa, nikasingwa liwa, nikavishwa doti mpya za kanga, vigelegele mtaa mzima. Tangu siku ile sikuwa tena mtu wa kukaa na kulindwa. Bibi akarudi chumbani kwake. Mlango ukawa wazi. Waliuacha wazi kwa mapenzi, na ni wiki zile zile alizozitaja daktari. Baba alisimama pale ameshika kofia yake mkononi, akatazama, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Hasira ninayo mpaka leo, nisidanganye. Si kwa dawa. Dawa ilifanya kazi yake kama ilivyoijua.

Ikafika siku ya maulidi nyumba ya jirani. Nikasema kichwa kinaniuma, wao waende. Wakaenda wote. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimempelekea somo yangu doti moja ya zile kanga mpya, nikamwambia chukua, mimi sina haja nayo. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu zote vizuri. Nilivaa buibui, nikaelekea mlango wa uani. Nilikokuwa nakwenda nilikuwa nakujua na sikuwa na nia ya kurudi, na moyo wangu, ajabu, ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza tangu nianze vidonge.

Nikafungua mlango, somo huyo. Amesimama na kanga zangu kwapani, amevimba kwa hasira. Hakuja kuniokoa, asikwambie mtu. Alikuja kugomba. Kwetu somo hupewa kanga zake siku ya harusi, mbele za watu, kwa heshima; kumpa kabla, tena mlangoni, ni kumwambia kazi yako siitaki, nenda zako. Alikuwa amekaa nalo kutwa nzima likimkera.

"Nimekukosea nini," akasema, "hata unanifukuza?"

"Sikukufukuza."

"Basi harusini utanipa nini?"

Katika mawazo yangu harusi haikuwepo. Akanitazama uso, akatazama buibui, akachungulia nyuma yangu akaona nyumba kimya. Akanishika kifundo cha mkono. Sauti yake ikashuka.

"Mwari wangu. Unataka kufa?"

Hakuna aliyekuwa amelitaja neno lile nyumbani kwetu kwa Kiswahili kilichonyooka. Nikasema, "Ndiyo, somo." Nikakaa chini pale pale kwenye kizingiti, naye akakaa na unene wake wote, ameniziba njia. Hakunihubiria. Alisema tu hatoki pale mpaka wenye nyumba warudi, na kwamba nimemharibia maulidi.

Waliporudi aliwaambia wakiwa bado na harufu ya ubani nguoni. Aliwaambia kwa maneno matatu, bila kuzunguka. Shangazi akasema astaghfirullah. Mama akabaki amesimama tu. Ndipo baba, akitazama sakafu, akatoa lile neno la daktari, lote, kama lilivyokuwa.

"Ulijua?" mama akamwuliza.

Baba akaigeuza kofia yake mkononi.

"Bwana, nakuuliza. Ulijua, nikamwachia mlango?"

Kesho yake asubuhi baba alikwenda Raskazone kwa baiskeli akarudi na daktari mwenyewe. Daktari akapunguza vidonge, akatazama weupe wa macho yangu kwa sababu dawa ile huweza pia kuharibu ini, akasema atapita tena, na kwamba kuikatiza ghafla nako ni hatari. Pangani wakapelekewa habari kwamba wangoje. Wasipongoja, mama akasema, na waende. Mtaa ukasema ulichosema.

Mama hakutaka kunirudisha ndani, na mlango hakuufunga. Alichukua pindo la kanga yake akalifunga fundo na pindo la kanga yangu. Tukaishi hivyo. Jikoni tumefungana, kisimani tumefungana, kulala tumefungana. Tuligombana sana, maana mimi nataka kutembea naye anataka kukaa, na mara moja tulivutana hata mchuzi ukamwagika. Wanawake waliokuja kutazama walicheka, naye akawaacha wacheke.

Sijui ni baada ya siku ngapi. Niliamka kumekucha, jirani anakaanga vitumbua, na nikasikia harufu. Si kwamba hapo kabla sikuwa na pua. Nilisikia harufu nikakitaka kile kitumbua, mimi mwenyewe, kwa tamaa. Nikaanza kulifungua fundo taratibu, nisimwamshe mama, lakini alikuwa macho.

"Wapi?"

"Mama, leo sitaki kufa."

Aliinuka akaketi. Uso wake ulikuwa umekonda kuliko wangu.

"Na kesho?"

Ningeweza kumfurahisha. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kufurahishwa. "Kesho sijui," nikasema.

"Haya," mama akasema, akalifunga tena lile fundo, akalikaza kwa meno, tukaondoka pamoja kwenda kununua vitumbua.