Mama Aliyegusa Picha ya Masara

Leo nimemfokea mama mmoja mbele ya wageni.

Mnajua kazi yangu ni kulinda picha kwenye jumba letu dogo la sanaa hapa Migori. Sheria kubwa ni moja: hakuna kugusa.

Saa nane mama akaingia peke yake, leso kiunoni. Alienda moja kwa moja hadi kwenye ule mchoro wa wachimba dhahabu wa Masara, akaanza kulia.

Halafu akanyoosha mkono.

"Mama! Usiguse!"

Woi, nilipiga kelele hadi wanafunzi waliokuja kutembelea wote wakageuka.

Hakurudisha mkono. Nikaruka, nikasimama kati yake na picha. Nilidhani anataka kuiangusha.

Akanionyesha mchimbaji mmoja kwenye picha.

"Dada, huyu wa kofia nyekundu ni mzee wangu. Shimo lilimfunika wakati wa mvua. Picha zake zote zilikuwa kwa simu yake, na simu ilienda naye. Jirani ndiye ameniambia yuko hapa."

Na mimi ndiye nilikuwa nimemzuia mtu kumwona bwana yake.

Nikasogea.

Akamgusa shavu juu ya kioo kwa vidole viwili, polepole, akimwambia maneno ya Kijaluo ambayo sitayaandika hapa.

Jioni bosi aliona alama za vidole kwenye kioo, akauliza ni nani amegusa.

Nikasema ni mimi.

Kesho asubuhi ananitaka ofisini. Nyinyi mngesema nini?