Ile Risasi Ndogo

Juzi nilimwona fundi wa friji akipanga skrubu juu ya taulo, ndogo huku, kubwa kule, nikakumbuka alasiri moja chumbani kwetu Al-Mahjar, Jeddah.

Baba alikuwa dereva. Bosi wake alimwachia risasi amchagulie za kuwindia swala jangwani, upande wa Riyadh, kwa kuwa kwetu Kenya baba aliwahi kuwa askari wa wanyamapori. Alizipanga juu ya taulo, na harufu ya mafuta ya bunduki ikachanganyika na vitunguu alivyokuwa akikaanga mama.

"Hii kubwa itampasua swala, nyama yote iharibike," baba alisema. "Halas, basi, tunabeba ndogo."

Nilifurahi. Nilidhani risasi ndogo inauma kidogo, kama sindano ya watoto.

Huko jangwani bunduki ya bosi ilifyatuka ndani ya gari. Kilichorudi nyumbani ni begi la baba. Mama alitoa humo shati la baba, akaona kitundu kidogo kama cha kifungo, akaketi sakafuni akilia.

Nilimshika bega.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Ni ile ndogo."