Mwaka Nilipomwonjea Bibi

Jumamosi iliyopita nilikuwa na watoto wangu wa uandishi pale Rusimbi, katika darasa tunaloazimwa na shule, harufu ya kitunguu ikaingia dirishani. Nyumba ya jirani walikuwa wanaandaa shughuli. Hakikuwa kitunguu kibichi cha kutoa machozi. Kilikuwa kile kilichokaa kwenye mafuta ya moto kwa muda, kikawa cha dhahabu, kikaanza kuelekea kahawia, na mpishi amekisimamia bila kupepesa macho maana kikizidi hapo kimeharibika. Watoto wote waliinua vichwa.

Nilikuwa nimewapa kazi ya kuandika juu ya chakula cha sikukuu nyumbani kwao. Binti mmoja wa mbele, mwenye mwandiko wa kupendeza, alikuwa ameandika: "Siku hiyo tulikula chakula kitamu sana." Nikamwuliza, "Kitamu kama nini?" Nilipotamka hivyo nilishtuka kidogo. Sauti ilikuwa yangu, lakini swali lilikuwa la marehemu bibi yangu, Bibi Zaituni wa Ujiji. Acha nikusimulie lilivyonifikia.

Bibi alimzaa mama yangu, na tulikuwa tukiishi naye nyumba moja, yeye, Mama na mimi. Baba alikuwa akifanya kazi Tabora na kuja likizo. Bibi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, popote Ujiji palipohitajika kulisha watu wengi, aliitwa yeye, na alikwenda na mwiko wake mwenyewe, mrefu karibu kunizidi mimi. Nyumbani hatukuwa na desturi ya kuonja chakula kama kimekolea. Bibi alifunua sufuria, akavuta pumzi, akasema kilichopungua.

Nilipokuwa darasa la nne, wiki chache kabla ya Ramadhani, homa kali ilimlaza hospitali. Aliporudi alikuwa amepona kila kitu isipokuwa pua na ulimi. Hakusikia harufu wala ladha. Chai ilikuwa maji ya moto, nyama ilikuwa kamba. Mwanzoni alifanya mzaha, akasema sasa Mama anaweza kupika anavyotaka bila kusemwa. Kisha mzaha ukaisha, na kula nako kukaanza kuisha. Alikunywa uji kama anayekunywa dawa, vijiko vichache, akasukuma bakuli. Mama alibadilisha mapishi kila siku, na kila siku alirudi na sahani jikoni karibu kama ilivyotoka.

Jioni moja nilimsikia Mama akizungumza uani na jirani yetu, Mama Devota. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama yangu anaondoka huku namwangalia." Mimi nilikuwa nimeambiwa Bibi amepona. Usiku ule nilimtazama mikono kwa mara ya kwanza, nikaona bangili yake ya fedha inateleza kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, kisha inarudi.

Idi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na njia yetu ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa na gauni jipya la njano lenye marinda, nililoliota mwezi mzima. Mama alipika pilau peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea nyumbani kwetu siku ya Idi. Alipomaliza alipakua sahani, akaifunika kawa, akanikabidhi.

"Mpelekee bibi yako. Na usitoke mpaka ale."

Nje wenzangu walishaanza kupita nyumba hadi nyumba. Nilisikia vicheko vyao vikisogea mbali. Bibi alikuwa amekaa kitandani na kanga mpya begani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo Bibi. Idi mubarak."

"Marahaba, mke mwenzangu. Weka hapo."

"Mama kasema nisitoke mpaka ule."

"Mama yako ana haki. Lakini mimi ukiniwekea pilau na karatasi, sitajua kipi ni kipi."

"Kula tu, Bibi. Ni tamu."

"Tamu kama nini?"

Nilifikiri sana. "Tamu kama pilau."

Bibi alicheka. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila kicheko kile kusikika. "Umezunguka nyumba, hujaingia ndani," akasema. "Onja, kisha niambie. Nitakula utakachoniambia."

Nikachukua tonge. Nilikuwa nimekula pilau maisha yangu yote, lakini nakwambia kweli, ile ndiyo mara ya kwanza niliyoisikiliza mdomoni. "Mchele haushikani," nikasema. "Kila punje iko peke yake, kama watu waliogombana."

Akanitazama, akatia tonge lake mdomoni, akaanza kutafuna. "Endelea."

"Kuna bizari. Inakuna kooni kama... kama..."

Taya zake zikasimama. Tonge limekaa shavuni, macho yananisubiri. Niliogopa. Nilijua kwamba nikikosa neno atalitema. "Kama ukipita mlangoni kwenye mashine ya kusaga, ule unga unaoelea."

Akameza.

Tukaenda hivyo. Nyama niliisema inaachana na mfupa bila kuvutwa. Alipouliza habari ya kitunguu nilisita, maana nilimpenda mama yangu, lakini Bibi alisubiri. "Kimezidi kidogo kwenye mafuta. Mwishoni kuna uchungu, kama moshi ukikuingia mdomoni ukipuliza moto."

"Kwa hiyo kitunguu changu kimeungua?" Mama aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini, mikono kiunoni.

"Kimezidi kidogo, kasema," Bibi akajibu. "Mwache mtoto afanye kazi."

Alikula nusu ya sahani. Mama aliichukua, akaenda kusimama nayo katikati ya ua kwa muda mrefu bila kufanya lolote. Mimi nilikimbilia nje, na kabla ya kufika kwa wenzangu gauni langu lilikuwa la njano na kahawia.

Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi yangu. Asubuhi nilimwonjea uji kabla ya kwenda shule, jioni nilimwonjea mboga. Bibi aliniwekea masharti. Neno tamu halikuruhusiwa, wala zuri, wala kama kawaida. Nililosema jana halikukubalika leo. Basi nikaanza kutembea pua juu kama mbwa. Tukienda na Mama sokoni Kibirizi kununua dagaa, nilichomeka uso kwenye magunia mpaka wauzaji wakamwuliza Mama kama mtoto ni mzima. Niligundua kwamba dagaa aliyekauka kwa jua la siku moja hanuki sawa na yule aliyekaushwa kwa kubahatisha kati ya mvua na mvua. Huyu wa pili ana harufu ya nguo iliyoanikwa ndani. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alinirudishia insha ya safari ya treni, akasema ni nzuri, ila treni haionekani, kuna abiria wanaokula tu.

Krismasi ilipokaribia maneno yakaniishia. Kila Krismasi Mama Devota alituletea samaki na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kama sisi tulivyompelekea pilau kila Idi, na nilijua Bibi atanisubiri. Siku moja kabla, nilikwenda nikakaa jikoni kwake bila kuitwa. Mama Devota alikuwa Muha wa Mwamgongo, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka katikati ya ziwa.

"Umekuja kutafuta nini huku, Tausi?"

"Maneno ya kumwambia Bibi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ego, mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani ndiyo, mwanangu. "Basi shika mchi. Maneno ya bure hapa hakuna."

Nikatwanga majani ya muhogo mpaka viganja vikawaka. Tulipokuwa tunaendelea akaingia kaka yake, ametoka Mwamgongo kwa boti, amelowa chapachapa hadi masikio. Alikuwa ameshika furushi lililofungwa kwenye koti lake. Ndani mlikuwa na migebuka iliyokaushwa kwa moshi. Mvua ilikuwa imewapata ziwani, akavua koti akaifunika, maana ikilowa haifai tena. "Kwa hiyo samaki kasafiri na koti na wewe umesafiri bila," Mama Devota akamwambia, akamwondoa njiani ili asiudondoshee moto maji. Lakini niliona jinsi alivyolikunja lile koti lililolowa, taratibu, kama nguo ya mtoto.

Kesho yake, sahani ilipokuja, nilimweleza Bibi uchungu kidogo wa sombe ulivyojificha chini ya mawese. Kisha, kwa kuwa sikuwa na jingine, nilimweleza koti. Nilimweleza mvua, boti, masikio yanayodondosha maji, na dada anayegomba huku anakunja nguo. Bibi alikula hadi mifupa ikabaki myeupe. Alinawa, akajifuta, akasema, "Sasa nisikilize na mimi."

Akanisimulia Idi ya utoto wake, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kabla familia yake haijavuka kuja Ujiji. Mama yake aliwapikia ndizi kwa karanga kwa sababu mwaka ule mchele haukupatikana, akaziponda na kuzipanga kwenye sinia kwa umbo la mlima, ili watoto waone sikukuu hata kama hawaionji. Walipigania kilele. Bibi alisema yeye ndiye aliyekipata, na kwamba hajawahi kula tena kitu cha moto namna ile. Mama alikuja akaketi kizingitini na ndoo mkononi. Baadaye aliniambia kwamba maisha yake yote hakuwa amewahi kusikia habari za bibi yake huyo.

Bangili iliacha kuteleza. Siku ya Maulidi, miezi kadhaa baadaye, tulikuwa tunakula sote pamoja, Bibi akatia tonge la kwanza mdomoni akasema, "Chumvi imezidi." Mama aliweka bakuli chini, akalia, kisha akacheka huku bado analia. Mimi niliona ni ushindi wangu. Nilitangaza shuleni kwamba nimemponya bibi yangu kwa maneno, na kwa muda fulani watoto waliniletea vidonda vyao.

Bibi alirudi kwenye masufuria yake, akapikia watu miaka mingine mingi. Alifariki nikiwa chuoni. Baada ya hitima, wageni walipoondoka, tulibaki mimi na Mama uani tukiosha sahani, na Mama akaniambia jambo bila kuinua kichwa.

"Ulimi wake ulirudi kabla ya Krismasi, unajua?"

Nikaacha kusugua.

"Nilimkuta jikoni anakamua ndimu kwenye mchuzi wangu. Anaonja, anakunja uso, anaongeza. Nikataka kukuita. Akanishika mkono. Akasema, mtoto ameanza kuona vitu, akijua nimepona ataacha."

Nilikuwa nimeshaandika mambo mawili matatu wakati ule, na ndani yangu nilijiona ni mtu aliyezaliwa na kipaji.

Sasa ninapokaa na watoto wa Rusimbi, mmoja anatafuta neno la kumwelezea mtu ladha ya maandazi ya mama yake na halimjii, natamani kumsaidia, na najizuia. Ni vigumu kuliko nilivyodhani. Ndipo ninapomfikiria Bibi. Usisahau kwamba nilikuwa naongea sana, na kila nilipoongea chakula kilikuwa kinapoa. Ugali wa muhogo ukipoa unakuwa kama mpira, kila mtu wa kwetu anajua. Na ulimi ule, uliolisha nusu ya Ujiji, ulikuwa mzima kabisa. Jioni baada ya jioni alikaa kitandani akatafuna ugali uliopoa, polepole, macho yake mdomoni kwangu, akinisubiri nimalize sentensi.