Nyumba ya Luteni Kahiga

Luteni Kahiga alikuwa mrefu kupita kiasi. Mungu aliponyoosha ile miguu alisahau kuacha, na siku ya kumzika tulikiona cha moto.

Alizaliwa hapa Kombewa, karibu na Kisumu, nyuma ya duka la nafaka la mama yake, Wahu. Baba yake, Bildad, alikufa mtoto akiwa hajaota meno, akazikwa kwao Murang'a, Ukikuyuni. Watu wa Bildad wakamwita Wahu arudi nyumbani. Wahu akawajibu kwamba wateja wake wa maharagwe wako Kombewa. Akanunua kipande cha shamba nyuma ya soko, akabaki.

Kahiga akakua akiongea Dholuo kama sisi Waluo na kula omena, dagaa wa ziwani, kama sisi, ila alizing'oa vichwa kwanza, jambo ambalo hatukumsamehe. Kwa kutupa mawe alikuwa balaa. Akilenga ndege, anapata kuku wa katekista. Akilenga mti, anapata katekista mwenyewe. Kwa hivyo tuliposikia jeshi limempa mizinga, Mama Akello, muuza samaki, alishika kichwa. "Mizinga? Adui wahame, na sisi pia tuhame!"

Kumbe mzinga haulengwi kwa jicho. Unalengwa kwa hesabu, na hesabu kijana alikuwa nayo. Akija likizo alipima kila kitu. "Mama, hiyo sufuria imeinama digrii tatu."

"Na wewe umeinama kwa uvivu. Leta kuni."

Jeshi likampeleka Somalia. Kambi yao ikavamiwa alfajiri. Askari wake wanasema aliwaamuru wote warudi nyuma, yeye akabaki kwenye mzinga akifyatua mpaka wakatoka salama. Yeye hakutoka. Wahu alipoletewa habari alikaa juu ya gunia la mahindi, na wateja wakajipimia wenyewe. Jioni ndipo akasema, "Azikwe hapa."

Karanja, kaka mkubwa wa Bildad, mwenye duka la mabati Murang'a, akaja na suti na ratiba. Kwao mazishi huisha kabla ya chakula cha mchana.

"Shemeji," akasema, "mtoto wa Bildad atalala karibu na Bildad. Hapa hata nyumba hana. Mwanaume bila nyumba anazikwaje ugenini?"

Hapo alitugusa pabaya. Kwetu, mwanaume akifa kabla hajajenga, anajengewa upesi, ili mwili upite kwake kwanza kabla ya kaburi. Mzee Aloo, jirani wa Wahu, akashangaa. "Nyumba tu? Bwana, ungesema mapema!"

Gari la jeshi lenye mwili likitoka uwanja wa ndege wa Kisumu, sisi tulikuwa tunapiga misumari. Chumba kimoja, mabati pande zote. Fundi wetu Mukhwana akapaka hadi mlango rangi, na hakuna aliyemtuma. Kila mtu alijenga. Kupima, hakuna aliyepima.

Wanajeshi wakaja na jeneza, miguu mbele. Likaingia nusu, likagonga ukuta wa nyuma.

"Digrii kumi kushoto!" sajenti akaamuru. Likagonga dirisha.

"Inueni mbele!" Likagonga paa. Watu wanaopiga kitu kilicho ng'ambo ya mlima walishindwa na chumba cha Mukhwana.

"Ameingia!" Mzee Aloo akatangaza. "Na mwili ukishaingia nyumbani kwake hautoki, ila kwenda kaburini hapa hapa."

"Hajaingia," Karanja akasema. "Hiyo ni nusu."

"Miguu iko ndani. Wewe huingia nyumbani kwa nini, kwa masikio?"

"Kichwa kiko nje, Mzee. Mtu ni kichwa!"

"Kama mtu ni kichwa, basi wewe bado hujafika hapa."

Wanajeshi wakacheka mpaka jeneza likatikisika. Sajenti akawakemea, na yeye mwenyewe mabega yanaruka.

Wahu hakucheka. Akainama, akapita chini ya jeneza, akaketi ndani sakafuni na kukumbatia upande wa miguu. "Shemeji," akaita, "mtoto nimemlea hapa. Ukimtaka, mbebe na nyumba, na mimi nikiwa ndani."

Karanja akaitazama nyumba muda mrefu. Akaitazama misumari, uso ukamkunjika.

"Nani alipiga misumari hii?"

Mukhwana akainua mkono.

"Umeipiga kama mtu anayeua nyoka. Nipe nyundo."

Tulidhani anabomoa, na Mzee Aloo alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Lakini Karanja alivua koti, akazunguka nyuma, akang'oa mabati ya ukuta moja moja, pole pole, asimwangushie shemeji yake. Akasogeza nguzo nyuma kiasi cha kutosha urefu wa kijana. Jeneza likaingia lote, kichwa na yote, ndipo akarudisha mabati na kuyapigilia vizuri.

"Sasa hii ni nyumba," akasema, akijifuta vumbi. "Kaburi mnachimba wapi?"

Mzee Aloo akamwonyesha, karibu na migomba, akampa jembe. Ndani, Wahu akaanza kulia, kwa Kikuyu, kwa sauti ya kusikika sokoni. Saa ya kwenye ratiba ikapita. Karanja aliendelea kuchimba.