Mfereji Ulipofunga

Juma lililopita, kwenye mfereji wa meli wa Laeken, nilimkuta kijana akishusha kipimajoto majini kwa kamba. Nilimuuliza maji yaliganda lini mara ya mwisho. Akasema tangu aanze kazi hiyo hajaona hata utando wa barafu. Nikaondoka, kisha nikarudi kuchungulia mwenyewe.

Mchana mmoja wa baridi kali, nikiwa mtoto, nyumba yetu kando ya mfereji huo ilinuka mafuta ya taa na samaki wa kukaanga. Papa, yaani baba yangu, alifanya kazi kwenye tishari la mizigo mferejini humo, na kila safari ilimweka mbali nasi kwa majuma. Siku hiyo alirudi ghafla, begi begani.

"Bon, mayi imefunga," akamwambia maman. "Hatuendi."

Alimaanisha maji yameganda; mimi nilidhani mfereji una kitasa. "Ufunguo iko na nani, papa?"

"Iko na jua," akacheka.

Nikavuta pazia. Kila nilipoondoka dirishani nilirudi kulibana zaidi, nikisikiliza barafu ikilia huko nje kama ubao unaopasuka. Papa naye hakutulia. Alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, mpaka tukagongana.

"Unafunga rido ya nini, mama?" akaniuliza; ndivyo alivyozoea kuniita.

"Jua isifungue mayi. Utaenda tena."

Alilishika pazia, kisha akaliacha lilivyo.

Siku hizi amestaafu, anaishi peke yake mtaa wa Etterbeek. Nilimpigia simu nikamweleza kwamba mfereji haugandi tena.

"Donc," akasema, "ulisahau kufunga rido."