Uji wa Mlonge wa Mama

Juzi pale Kabuku muuzaji wa unga wa majani ya mlonge alikuwa akitangaza kwa spika: "Mlonge unaondoa msongo wa mawazo! Achaneni na vidonge vya hospitali!" Nilitamani kuing'oa ile spika. Labda nakosea, sikusoma sana.

Lakini nilimkumbuka shangazi, mchana mmoja nilipokuwa mdogo, akimwaga chooni vidonge alivyopewa mama hospitali. "Wifi, haya madawa yanakulaza tu. Kunywa uji huu." Ulinukia majani mabichi. Shangazi alimpenda mama, hilo sikatai, na mlonge ulimtia nguvu mwilini. Ila ile huzuni iliyomshika tangu ajifungue mdogo wangu ilibaki palepale. Mimi nilidhani kinachomliza ni ubaya wa uji, nikamwongezea sukari. Mama akaumaliza wote, akasema, "Mtamu, mwanangu," akaendelea kulia.