Feni ya Mwalimu Cecilia

Mwalimu Cecilia alistaafu ualimu, lakini kuwachunguza watu hakustaafu. Katika stesheneri yake mjini Singida, mteja akileta kitambulisho cha kutoa kopi, alikigeuza mbele na nyuma kana kwamba amepewa noti bandia. Vyombo ndiyo usiseme. Wanawake wengi huweka alama kwenye sufuria kabla ya kuziazimisha msibani. Yeye alipaka rangi nyekundu ya kucha mpaka kwenye vijiko na mchi.

Mwezi Machi alipeleka kompyuta kwa fundi Emilian, wa jumuiya moja naye kanisani, ipulizwe vumbi. Ilirudi kesho yake ikinguruma kama mashine ya kukamua alizeti.

"Kanibadilishia feni," aliwatangazia wanajumuiya baada ya sala. "Nzima kabaki nayo, mimi kanifungia kimeo."

Emilian aliapa. Akaomba aikague tena.

"Ukague nini, umalizie kuiba?"

Maneno yalisambaa. Kufikia Juni, kibanda cha Emilian kilikuwa kimebaki na redio moja tu, yake mwenyewe. Jumuiyani nako akaacha kuja. Cecilia akasema hiyo ni dalili ya hatia.

Kelele zilipozidi, alimwita Hezekia, fundi wa Ihanja asiyejuana na mtu pale mjini. Kazi ifanyike mbele ya macho yake, alisema, akavuta kiti akakaa karibu kiasi cha kumpumulia kijana shingoni. Hezekia alipotia skrubu kwenye mfuko wa shati, Cecilia alimwamuru aziweke mezani. Akazihesabu.

"Mama, humu kuna feni tatu," Hezekia alisema baada ya kufungua ubavu wa mashine na kuiwasha. "Tunazisimamisha moja moja. Itakayonyamazisha kelele ndiyo mgonjwa."

Kwa kijiti cha pamba alibonyeza katikati ya feni ya juu ya prosesa. Ikasimama, kelele zikaendelea. Akaiachia upesi. Akabonyeza ya nyuma, ile inayotoa joto nje. Kimya. Alipoiachia, krr-krr ikarudi.

"Si nilisema!" Cecilia alipiga paja. Alifurahi, tena sana. "Hiyo ndiyo aliyobadilisha."

Hezekia alizima mashine, akachomoa waya ukutani, akaitoa feni na kuipangusa. Kwenye ncha ya panga moja palikuwa na tone gumu jekundu, limenasa vumbi na nyuzi, na kila mzunguko lilikuwa linakwaruza fremu. Aliligusa kwa ukucha.

"Hii ni rangi ya kucha, mama. Nani kapaka rangi ya kucha kwenye feni?"

Cecilia alikumbuka vizuri mno. Asubuhi ile ya Machi, kabla ya kuipeleka kwa Emilian, alipitisha brashi kwenye matundu ya nyuma akaitia feni alama, ili akiibiwa aijue. Rangi aliyoiweka kwa haraka ilichuruzika. Mashine iliporudi ikinguruma, kwa hasira hakuitafuta hata hiyo alama. Feni ilikuwa ileile. Tena aliyeiharibu ni yeye.

Hezekia alikwangua tone kwa wembe, akarudisha feni, akawasha. Mashine ilitulia. Cecilia aliona aibu mpaka masikio yakamchoma, na kwa dakika nzima aliwaza kumwomba Hezekia afunge mdomo. Kisha akamfikiria Emilian na ile redio yake, akashindwa.

Jumamosi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Joyce, kule Mwankoko. Baada ya sala Cecilia alisimama.

"Emilian hakuiba. Feni niliiharibu mimi kwa mkono wangu. Nilimsingizia. Naomba mnisaidie kumrudishia jina lake."

Watu walitazamana. Joyce akamshika mkono kwa huruma.

"Mwalimu, pole. Huyo fundi wa pili ulimtoa wapi?"

"Ihanja."

"Mafundi hao wanajuana wote. Wamepanga wakuzunguke."

"Hapana! Nilikuwa nimekaa hapohapo. Niliiona rangi yangu."

"Rangi nyekundu inauzwa kila duka," mzee Antipasi alisema taratibu. "Mimi simu yangu siwezi kumpelekea huyo Emilian."

Cecilia alieleza upya tangu mwanzo, sauti ikipanda, machozi yakimtoka. Walimsikiliza kwa upole, kama mtu asikilizavyo mgonjwa wa homa, kisha Joyce akaenda kuleta chai.